Zaka tunatoa kila mwaka, mbona wapokeaji ni wale wale?

Safu ya Nyuma

Assalaam alaykum wadau, na msio Waislamu karibuni pia maana hili ni suala la umaskini kwa jumla. Kuna jambo linanisumbua siku nyingi. Toka tuko madrasa tunaambiwa zaka ndio dawa ya umaskini, kwamba wenye nacho wote wakitoa hatobaki mtu wa kulala njaa, na mimi hilo naliamini sina ubishi nalo. Ila kila Ramadhani nikisaidia kugawa naona sura ni zile zile, mama yule yule, mzee yule yule na fimbo yake, miaka inakatika, na wale watoto waliokuwa wanakuja wamebebwa mgongoni sasa hivi wamesimama kwenye foleni kwa miguu yao wanapokea bahasha zao wenyewe. Dawa gani hii mgonjwa haponi?

La pili linanihusu mwenyewe. Mwaka wangu wa zaka unatimia karibuni na alhamdulillah kiasi kilichotoka si haba. Siku zote nimekuwa nakatakata vipande vidogo nagawa kwa watu wengi kadri inavyowezekana, roho inatulia, kila mtu kapata, na dua nazo nyingi. Safari hii nawaza tofauti, nichukue familia moja au mbili niwape zote ili angalau mwakani hao wasiwepo kwenye foleni. Lakini naogopa mambo mawili, kwanza sijui kama kisheria inafaa, halafu hao wengine waliozoea kupata kwangu ntawaangaliaje usoni? Naombeni mawazo na mwenye elimu atuelimishe.

Daftari la Kamati

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umenigusa panapouma kwa sababu mimi nimo kwenye kamati ya zaka ya msikiti, kwa hiyo haya sijahadithiwa. Utaratibu wetu ni huu, pesa zikishaingia tunafungua daftari, tunahesabu majina, tunagawa sawasawa, kwisha. Na daftari lenyewe lina sehemu tatu tu, jina, kiasi, sahihi, asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Hakuna pa kuandika huyu mtu anaishi na nani, anadaiwa na nani, anajua kazi gani, wala mwaka jana alichopewa alikifanyia nini. Mzee anayekaa peke yake anapata sawa na mama mwenye watoto sita na mgonjwa ndani. Na majina kila mwaka yanaongezeka maana hakuna anayefutwa, mtu anafutwa akifa tu, na mara nyingine hata akifa mtoto anarithi ule mstari wa baba.

Kuna kikao nilisema jamani mwaka huu tuchague wachache tuwainue kikweli, nikaulizwa na hao wengine utawaambia wewe? Kimya. Maana lawama za kazi hii zinakufuata mpaka mlangoni usiku. Ndio maana swali lako la pili nimelielewa vizuri sana, sisi wote tunagawa huku tunaogopa macho ya watu.

Kisu Butu

Mkuu we toa zaka yako uondoke, mengine mwachie Mwenyezi Mungu. Umaskini haukuanza na wewe na hautaisha na wewe.

Safu ya Nyuma

@Kisu Butu sawa mkuu, ila zaka ni haki ya mtu, na haki ya mtu huwezi kuirusha tu ukaondoka bila kuangalia imefika wapi.

Ustadh wa Mkekani

Waalaykum salaam warahmatullah. Nianze na la sheria kwa vile ndilo limeulizwa. Wanaostahiki zaka wametajwa kwenye Suratut Tawba aya ya 60 na ni makundi manane: mafakiri, masikini, wanaoitumikia zaka, wanaotiwa nguvu nyoyo zao, kuwakomboa watumwa, wenye madeni, njia ya Mwenyezi Mungu, na msafiri aliyeharibikiwa. Wanachuoni wengi, wa madhehebu ya Hanafi, Maliki na Hanbali, wanasema unaweza kuipeleka kwa kundi moja tu, hata kwa mtu mmoja. Sisi Mashafii asili ya madhehebu yetu ni kwamba ienee kwenye makundi yanayopatikana na kila kundi wasipungue watu watatu, na nadhani ndio maana wengi tumekua tukiona kutawanya ndio ibada yenyewe. Lakini humo humo ndani ya Mashafii wapo waliofutu tofauti, na Ibn Ujayl wa Yemen anajulikana sana kwa hilo, yeye alijuzisha zaka ya mtu mmoja apewe mtu mmoja. Kwa hiyo ndugu yangu una pa kusimama, usiwe na wasiwasi.

Sasa kuna swali ambalo watu hawaulizi kabisa na mimi naona ndio kiini cha mada yako, nalo ni kwamba huyo fakiri apewe KIASI GANI. Mahanafi wanaona karaha (haipendezi) kumpa mtu mmoja akafikia nisabu, yaani kile kima cha chini cha mali ambacho mtu akikifikia naye anadaiwa zaka, isipokuwa mwenye deni au familia kubwa. Mamaliki na Mahanbali wanasema apewe kinachomtosha mwaka mzima yeye na anaowalisha. Mashafii wamekwenda mbali zaidi, rai mashuhuri kwao ni apewe kinachomtosha umri wake uliobaki kwa makadirio ya kawaida. Sasa usishtuke ukadhani ni kumjazia pesa gunia zima. Imam Nawawi, aliyefariki 1277, kaeleza kwa mifano kabisa: mwenye ufundi apewe cha kununulia vifaa vya ufundi wake, viwe vya bei ndogo au kubwa. Mfanyabiashara apewe mtaji wa biashara ile anayoijua, muuza mboga dirhamu tano au kumi, na muuza vito dirhamu elfu kumi kama chini ya hapo haimtoshi. Na asiyejua ufundi wala biashara anunuliwe mali isiyohamishika awe anakula mapato yake.

Hebu rudia hapo kwenye muuza mboga na muuza vito. Mmoja tano, mwingine elfu kumi, na wote wanachukua fungu la mafakiri. Sisi leo tungemfukuza huyo wa vito kwa mawe. Na ile hofu kwamba ukigawa bila usawa umedhulumu nafikiri inatoka kwenye mazoea zaidi kuliko kwenye fiqhi, maana hata sayyidna Umar bin Khattab imepokewa kwamba alisema mkitoa basi tajirisheni.

Hesabu za Usiku

Ustadh darsa limenoga sana ila mimi ntatia maji kidogo. Kila mada ya zaka lazima aletwe khalifa Umar bin Abdulaziz, kwamba zama zake (717 mpaka 720) zaka ilizungushwa akakosekana wa kuipokea. Riwaya zipo sikatai, ile ya mkusanyaji aliyetumwa Afrika Kaskazini akakosa fakiri akanunua watumwa akawaacha huru inajulikana. Lakini soma na ile barua aliyomwandikia gavana wake wa Iraki: lipa watu stahiki zao, akajibiwa nimelipa pesa bado zipo, basi walipie wenye madeni, bado zipo, basi waozeshe vijana wasio na mahari, bado zipo, basi wakopesheni wakulima walioshindwa kulima ardhi zao. Hiyo ilikuwa hazina ya dola nzima pamoja na kharaji (kodi ya ardhi) na mapato mengine, na kabla ya hapo khalifa alikuwa amezirudisha mali walizojichukulia ndugu zake wa Banu Umayya, ukoo uliokuwa unatawala. Yaani zaka ilifanya kazi ndani ya utawala uliokuwa umeziba mianya ya wizi. Ukichukua kipande cha zaka peke yake ukakiweka mahali ambapo kila kitu kingine kimeoza halafu ukategemea matokeo yale, unaionea zaka bure.

La pili ambalo linaniuma zaidi ni chanzo cha pesa zenyewe. Mkulima anayetegemea mvua akivuna wasaki tano (makadirio ya wengi kama kilo 653 hivi) anatoa asilimia 10 siku ya mavuno, hakuna cha kusubiri mwaka, akimwagilia kwa gharama anatoa 5. Mfugaji akifikisha mbuzi 40 anatoa mmoja. Sasa njoo kwa mwenye majengo ya kupangisha, jengo lenyewe halina zaka, mashine za kiwanda hazina zaka, anatoa 2.5 ya kile kilichobaki kwenye akaunti kikazungukiwa na mwaka, na kama kodi zote kaingiza kwenye jengo lingine basi hadaiwi kitu. Zamani utajiri ulikuwa dhahabu, fedha, mifugo, mazao na bidhaa, vyote hivyo zaka inavipata. Leo matajiri wakubwa mali zao ziko kwenye majengo na viwanda, tunabaki kuwabana wenye pesa kidogo benki na mama mwenye mbuzi. Ndio maana mwanachuoni kama Muhammad Abu Zahra na baadae Yusuf al-Qaradawi wakasema mapato ya majengo na viwanda yakisiwe na mazao ya shamba, itoke 10 au 5 kwenye mapato. Mimi sio mtu wa fiqhi lakini hiyo rai kiuchumi inaingia akilini moja kwa moja.

Ila nisiwe mtu wa kuponda tu. Kuna kitu zaka inafanya ambacho kodi ya mapato haifanyi, inamgusa mwenye mali aliyeilaza. Ukiweka dhahabu ndani bila kuizungusha na ukaitolea zaka kila mwaka, baada ya miaka kumi imepungua karibu asilimia 22. Ndio ile kauli iliyopokewa kwa Umar bin Khattab kwamba fanyieni biashara mali za mayatima isije zaka ikazila. Pesa inasukumwa itoke ikafanye kazi na mtu apate ajira hapo, hata kabla ya hiyo zaka yenyewe kumfikia fakiri.

Ustadh wa Mkekani

@Hesabu za Usiku hiyo rai ya majengo ipo na wenye nayo ni watu wazito, ila tuseme kweli kwamba wengi hawakuifuata. Jopo la fiqhi la jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikaa Jeddah 1985 likaamua jengo la kupangisha lenyewe halina zaka, na mapato yake ni 2.5 baada ya mwaka kupita toka yapokelewe. Lakini nani kasema tajiri mwenye majengo mkono wake ufungwe na kima cha chini? Kuna sadaka, kuna wakfu. Jengo moja likiwekwa wakfu kodi yake iende kwa mayatima hilo linaendelea kula na kulisha baada yake, na wala halingoji Ramadhani.

Bibi Sindano

Naona humu wanaongea watoaji watupu, ngoja mpokeaji naye aseme.

Mimi nilikuwa kwenye hizo foleni. Mume wangu aliugua muda mrefu, nilikopa kwa ajili ya matibabu kwa mtu mmoja mwenye duka la jumla, mume akafariki deni likabaki kwa jina langu. Kazi yangu kushona, nina cherehani ya miguu. Sasa nawaambieni Ramadhani ya mpokeaji ikoje. Kila tajiri ana siku yake ya kugawa, huyu Jumatatu asubuhi, yule Alhamisi baada ya alasiri, msikiti huu, msikiti ule, na kila mahali unapewa kidogo kwa hiyo lazima uende kote ndio ikusanyike. Unasimama toka asubuhi. Na huo ndio mwezi ambao watu wote duniani wanashonesha nguo za Idi! Wateja wangu wanakuja wanakuta mlango umefungwa wanaenda kwa fundi mwingine, na mteja wa Idi akishahamia kwa mtu harudi. Nilikuwa najiambia bahasha ni ya uhakika na mteja sio wa uhakika. Jioni nikifika nyumbani mdai wangu kashanitangulia, yule mtu alikuwa anajua ratiba za zaka kuliko mimi. Bahasha inatoka mkono huu inaingia mkono ule, mimi naishia kuwa kama mpitishaji tu.

Na picha. Hilo la picha sitalisamehe. Unapewa kitu kidogo unaambiwa mama inua juu kidogo, tazama huku. Mwanangu akaja kuonyeshwa picha yangu na wenzake shuleni. Siku hiyo hakula.

Kilichonitoa ni mzee mmoja ambaye hakuja na bahasha, alikuja na swali. Akakaa kwenye kigoda akaniuliza unadaiwa kiasi gani na nani, akataka nimuonyeshe karatasi, nikamuonyesha, akaniomba ruhusa akalipe mwenyewe. Akaenda dukani akalilipa lote kwa fungu la wenye madeni, akarudi na karatasi imeandikwa imelipwa, akanikabidhi. Hakunipa hata senti mkononi. Mwaka ule nilibaki kwenye cherehani yangu mwezi mzima, na kwa pesa ya ule msimu nikabadilisha mkanda na nikanunua meza ya kukatia. Sijatajirika, bado napanga na bado kuna miezi migumu. Lakini foleni sijarudi, na zakatul fitri sasa hivi natoa mimi.

Kwa hiyo kijana wa Safu ya Nyuma usiulize tu umpe nani. Muulize huyo mtu nini kinakufanya uje hapa kila mwaka.

Daftari la Kamati

Bibi Sindano hapo kwenye wateja wa Idi umenimaliza. Sisi tunajisifu tumewahudumia watu wengi, hakuna aliyewahi kupiga hesabu ya siku wanazopoteza kwenye milango yetu. Hii naipeleka kikaoni kama ilivyo, bila jina lako.

Mkaa Pembeni

Mnavutia upande mmoja tu. Mimi nimeshuhudia mtu kapewa mtaji wa maana, mzima mzima, kwa furaha kubwa, miezi haikuchukua muda kaula wote, nusu harusi ya mdogo wake, nusu sijui wapi, na Ramadhani iliyofuata yuko mbele kabisa kwenye foleni. Sasa hao watu wengi ambao wangepata chochote wakakosa kwa ajili yake yeye, dhambi ya nani? Kidogo kwa wengi angalau una uhakika kila nyumba imekula. Mwenye njaa leo humwambii subiri namwinua jirani yako kwanza, zamu yako miaka mitano ijayo.

Halafu pia tusidanganyane, sio kila aliye kwenye foleni anaweza kufanya biashara. Kuna wazee, kuna walemavu, kuna wagonjwa. Huyo ukimpa cherehani afanye nini nayo?

Hesabu za Usiku

@Mkaa Pembeni hoja nzito na mimi nakubaliana na nusu yake. Wazee na wasiojiweza hao ni wa kupewa kila mwaka na hakuna aibu yoyote kwamba ni wale wale, kwao kuonekana kila mwaka sio kushindwa kwa zaka, ndio kazi yake. Tatizo ni kuwachanganya kwenye mstari mmoja na mama mwenye nguvu na ufundi. Malesia mabaraza ya zaka ya majimbo yanatumia kipimo wanakiita had kifaya, wanapiga hesabu ya nyumba husika, pango, chakula, mavazi, matibabu, shule, usafiri, kulingana na waliomo na umri wao, halafu wanalinganisha na kipato. Aliye chini sana anapata posho ya kila mwezi, anayeweza kusimama anapewa vifaa au mtaji na anafuatiliwa. Na mtoaji naye wanamrahisishia, zaka aliyolipa kwenye taasisi inakatwa moja kwa moja kwenye kodi ya mapato anayodaiwa na serikali. Sio kwamba wamemaliza umaskini, lakini angalau wanajua nani yuko wapi.

Ila sio kila mahali serikali ikiingia mambo yananyooka. Pakistani 1980 walitoa sheria ya kukata 2.5 moja kwa moja kwenye akaunti za akiba mwanzo wa Ramadhani. Mashia wakaandamana mwaka huo huo mpaka wakaruhusiwa kujitoa, na wengine nao wakazoea kutoa pesa benki siku chache kabla ya mwezi kuandama halafu wanazirudisha. Wapo wanaokimbia kutoa, lakini wapo wengi tu wanaotoa kwa mikono yao wenyewe ila hawaamini itafika kupitia ofisi. Indonesia nako wana taasisi ya taifa toka 2001 na sheria mpya ya 2011, na bado kinachopita kwenye taasisi ni kidogo mno ukilinganisha na makadirio ya kinachopaswa kutoka. Watu wanampa wanayemjua. Imani ya mtoaji ndio mtaji wa kwanza wa mfuko wowote wa zaka, ukiipoteza sheria haikusaidii.

Ustadh wa Mkekani

@Mkaa Pembeni kuhusu aliyekula mtaji. Kuna hadithi ya sahaba Qabisa ameipokea Imam Muslim, kwamba kuomba hakuhalaliki ila kwa mmoja wa watatu, na wa tatu ni mtu aliyepatwa na ufukara mpaka watu watatu wenye akili katika watu wake wakasema kweli fulani kapatwa. Hapo anahalalika mpaka apate cha kumsimamisha maisha. Angalia sharti lililomo, WATATU, WENYE AKILI, KATIKA WATU WAKE. Huo ni uhakiki kabisa, tena unafanywa na wanaomjua sio na mtu aliyekuja na kamera. Huyo wako aliyekula mtaji ukiwauliza majirani zake watatu wangekuambia mapema kwamba huyu mpe chakula, mtaji hapana.

Na ipo ile ya Ansari (Mwislamu wa Madina) aliyekuja kuomba, Mtume (s.a.w.) akamuuliza nyumbani una nini, akasema tandiko na chombo cha kunywea maji. Vikanadiwa vikauzwa dirhamu mbili, moja akanunulie chakula watu wake, ya pili akanunue shoka, na Mtume akalitia mpini kwa mkono wake, akamwambia nenda kakate kuni usionekane hapa siku kumi na tano. Akarudi na dirhamu kumi. Ameipokea Abu Dawud, na wapo wanaoitilia shaka isnadi yake (mlolongo wa wapokezi), lakini mafunzo yake wanachuoni wameyatumia sana. Chakula kwanza, kisha shoka. Mkaa Pembeni na Bibi Sindano wote wawili wamo humo.

Tahadhari moja ya kisheria. Zaka ni ya fakiri, ikishamfikia ni mali yake, huwezi ukamnunulia kitu unachokipenda wewe ukamtupia. Kama mnaona bora kifaa kuliko pesa basi kubalianeni, akuweke wewe wakili wake ununue kwa niaba yake, hapo inakuwa salama. Na usimpe mzazi wako wala mwanao wala mkeo kwa fungu la ufakiri, hao kuwatunza ni wajibu wako tayari. Ndugu, shangazi, mjomba, hao wape na una thawabu mbili, sadaka na kuunga udugu.

Kisu Butu

Haya nimesoma mpaka mwisho, narudisha maneno mfukoni. Ila swali dogo, mwenye pesa benki tu atumie nisabu ya dhahabu au ya fedha? Maana nikiangalia gramu 85 za dhahabu mi sidaiwi, nikiangalia gramu 595 za fedha nadaiwa lol

Ustadh wa Mkekani

@Kisu Butu wote wawili wana wenyewe. Wanaochukua ya fedha wanasema ni salama kwa mtoaji na inawafaa zaidi mafakiri. Wanaochukua ya dhahabu wanasema fedha imeshuka thamani mno, ukiitumia unamfanya tajiri mtu ambaye mwenyewe ni wa kusaidiwa. Muulize sheikh wako anayekujua hali yako. Na ukiona nafsi inaichagua dhahabu kwa vile inakutoa tu, jihoji.

Safu ya Nyuma

Nimewasoma wote, Mwenyezi Mungu awalipe. Hivi ndio nilivyofikia. Wale wazee wawili niliokuwa nawapa nitaendelea nao na nitawaongezea. Iliyobaki sitatawanya. Kuna mama mmoja wa kwenye foleni namfahamu, anapika vitafunwa anauza lakini vyombo anaazima na unga anakopa, kila siku faida inaishia kwa aliyemkopesha. Jana baada ya isha nimempelekea mke wangu akakae naye aulize yale aliyosema Bibi Sindano, na jibu limenishangaza, deni lenyewe ni dogo kuliko jumla ya nilizompa miaka hii yote kwa vipande. Tutaanza na deni, halafu vyombo kwa uwakilishi kama ustadh alivyoelekeza. Picha hakuna.

Wengine walionizoea nitawaeleza ukweli kwamba mwaka huu nimepanga hivi, na nitatenga sadaka ya kawaida, sio zaka, ili wasikose kabisa.

Swali la mwisho ustadh. Huyo mama anaogopa pesa ya mtaji ikija yote kwa mara moja ndugu watamshukia. Kaomba nimpe kidogo kidogo kila mwezi. Inafaa nikigawa zaka kwa miezi?

Ustadh wa Mkekani

Inafaa ukiitanguliza, haifai ukiichelewesha. Maana yake, zaka ya mwaka unaokuja unaweza kuanza kuitoa toka sasa mwezi kwa mwezi, ikifika siku yako unapiga hesabu, ikipungua unamalizia. Sayyidna Abbas aliomba kutoa kabla ya wakati akaruhusiwa. Lakini hii ambayo mwaka wake unatimia karibuni ikishatimia itoke, usiishike miezi ukimpimia. Kama anaogopa ndugu, mkabidhi iwe yake kabisa, kisha akitaka mwenyewe aiweke amana kwa mkeo awe anaichukua anavyohitaji, na muandikishiane, wakae mashahidi wawili. Amana ni yake, akija kuitaka yote siku moja anapewa yote.

Bibi Sindano

Na hiyo karatasi ya deni akishalipiwa, mwambie aichukue yeye mwenyewe kutoka kwa mdai. Asiletewe. Kuna wadai wanasahau kwamba wamelipwa.